Mzizi umejaa, diski ina nafasi: historia ya kuta zilizo ndani ya kompyuta yako

Unatumia Linux, labda Ubuntu au Mint uliyoiweka pembeni ya Windows kwenye laptopu yako. Siku moja inatokea taarifa kwenye skrini: nafasi ya mfumo inakaribia kwisha. Unafungua dirisha la amri, unaandika df -h, na unakutana na jambo la ajabu. Diski yako ni ya GB 500 na zaidi ya nusu yake haina kitu. Lakini mstari wenye alama ya / unasema umejaa kwa asilimia 97, kwa sababu wenyewe ulipewa GB 25 tu. Nafasi ipo, ila huwezi kuigusa.

Ukiuliza wenzako namna ya kuiongeza, utapewa amri za kunakili. Nyingine zitafanya kazi vizuri. Nyingine zitakufutia tasnifu yako na picha za miaka mitano. Kwa kukariri amri peke yake ni vigumu kujua ipi ni ipi. Unahitaji kujua ukuta huo ulijengwa na nani, lini, na alikuwa anakwepa nini. Ndiyo hadithi ya makala haya, na hoja yake ni moja: kuta zinazokubana leo ziliwekwa na watu waliokuwa na uhaba wa aina nyingine kabisa. Uhaba wao uliisha zamani. Kuta zikabaki.

Kiwanja, hati na nyumba

Kabla ya historia, tukubaliane maneno. Fikiria diski nzima kama kiwanja kikubwa. Mtu anakuja, anakigawa vipande, na anaandika mipaka ya kila kipande kwenye hati. Kipande kimoja ndicho tunachokiita patisheni, na hati yenyewe ni jedwali la patisheni, linalokaa mwanzoni kabisa mwa diski. Juu ya kila kipande inajengwa nyumba, yaani mfumo wa mafaili: utaratibu unaojua faili gani liko wapi na chumba gani ni kitupu.

Mzizi, ile alama ya /, ni nyumba kuu. Humo mnakaa programu za mfumo, mipangilio, maktaba za programu na kumbukumbu za matukio. Mzizi ukijaa kabisa, kompyuta haizimiki papo hapo, ila inaanza kuchechemea. Masasisho yanakatika katikati, programu zinashindwa kuandika mafaili ya muda, na wakati mwingine unaingiza nenosiri sahihi lakini skrini inakurudisha palepale pa kuingilia.

Sasa shika hili, kwa sababu tutalirudia: kiwanja, hati na nyumba ni vitu vitatu tofauti. Ukisogeza mpaka kwenye hati, nyumba haikui yenyewe. Na ukijaribu kuikuza nyumba kabla hujapata ardhi, hakuna pa kuijenga. Kila kimoja kina historia yake.

1971: nusu megabaiti

Twende Bell Labs, Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wamepata kompyuta mpya, PDP-11, na kuhamishia humo mfumo wao mchanga wa Unix. Ritchie alikuja kuandika baadaye jinsi mashine hiyo ilivyokuwa: kumbukumbu ya KB 24, kati ya hizo 16 za mfumo wenyewe na 8 za programu za watumiaji, pamoja na diski ya KB 512. Nusu megabaiti! Picha moja ya simu yako leo isingeenea humo. Na kwa mashine hiyohiyo, mwaka 1971, wachapaji wa idara ya hataza ya Bell Labs walikuwa wanaandaa nyaraka zao za kazi.

Diski hiyo ndogo ilikuwa ya kasi, ila ilijaa haraka. Pembeni yake ziliongezwa diski za aina ya RK, zinazochomolewa na kubadilishwa, kila moja ikiwa na takriban MB 2.5. Swali likawa: utaziunganishaje diski mbili ili mtumiaji asihangaike kujua faili lake liko kwenye diski ipi?

Jibu la Thompson na Ritchie lilikuwa zuri sana, ndiyo maana bado tunalitumia. Hawakuzipa diski herufi kama Windows inavyosema C na D. Walisema kuna mti mmoja tu unaoanzia kwenye mzizi, na diski nyingine yoyote inapachikwa kwenye folda mojawapo ya mti huo. Diski ya pili ilipachikwa kwenye folda iliyoitwa /usr, kifupi cha neno la Kiingereza la mtumiaji. Humo walikaa watumiaji na mafaili yao.

Programu za mfumo nazo ziliendelea kuongezeka. Diski ya kwanza ikashindwa kuzibeba zote, zikamwagikia kwenye ile ya pili. Hivyo ndivyo ilivyotokea kuwa na /bin kwenye mzizi na /usr/bin kwenye diski ya watumiaji, zote mbili zikiwa na programu. Kanuni iliyofuata ilikuwa ya lazima: amri zinazohitajika wakati mashine inawaka lazima zikae kwenye diski ya kwanza, ikiwemo amri yenyewe ya kupachika diski ya pili. Ukiiweka kwenye diski ya pili, umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Unaona kilichotokea? Patisheni ya mzizi iliyojaa ni tatizo la tangu enzi za mwanzo kabisa za Unix. Na dawa ya kwanza iliyotumika haikuwa kupanua mzizi. Ilikuwa kuhamisha mzigo kwenda penye nafasi. Tutalikumbuka hili tukifika kwenye laptopu yako.

Baadaye diski zilikua, uhaba ule ukaisha, lakini mgawanyo wa /bin na /usr/bin ukaendelea. Watu wakautafutia sababu mpya. Wapo waliosema mzizi mdogo unakaguliwa haraka umeme ukikatika. Wapo waliosema /usr inaweza kuwekwa kwenye seva moja na kutumiwa na kompyuta nyingi kwa mtandao. Sababu hizo zilikuwa na maana kwa wakati wake. Ila zilikuja baada ya ukuta kujengwa.

1983: hati yenye mistari minne

Ukuta wa pili unatoka kwingine kabisa. Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta ya PC XT, iliyokuwa na diski ngumu ya MB 10. Pamoja na DOS 2.0, likaja wazo la kuigawa diski moja ili mifumo endeshi tofauti iweze kukaa humo bila kukanyagana.

Hati ya mgawanyo iliandikwa kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Baiti 446 zilitengwa kwa programu ndogo ya kuwashia mashine, baiti 2 za mwisho ni muhuri wa kuthibitisha, zikabaki 64 za hati yenyewe. Kila patisheni inaelezwa kwa baiti 16. Gawa mwenyewe: 64 kwa 16 ni 4. Ndiyo sababu kwa miaka mingi diski ya PC haikuweza kuwa na zaidi ya patisheni nne za msingi. DOS 3.3 ya mwaka 1987 ikalizunguka tatizo hilo kwa kuruhusu patisheni moja ibebe nyingine ndani yake.

Lakini kwa tatizo lako la leo, kilicho muhimu zaidi ni kilichoandikwa ndani ya zile baiti 16. Kila mstari wa hati unataja mahali patisheni inapoanzia na urefu wake. Basi. Mwanzo mmoja, urefu mmoja. Hakuna namna ya kusema "patisheni hii ina kipande hapa na kingine kule mbele". Kwa hiyo patisheni ni lazima iwe kipande kimoja kisichokatika.

Hapo ndipo penye jibu la swali linalowasumbua wengi: kwa nini nafasi tupu iliyoko mwisho wa diski haiwezi kuongezwa tu kwenye mzizi ulioko katikati? Ni kwa sababu kati yao kuna jirani, na hati haijui kuruka jirani. Mtu wa mwaka 1983 mwenye diski ya MB 10 hakuwa na sababu ya kulifikiria hilo.

Hati hiyo ya zamani ilikuja kuzeeka kwa sababu nyingine. Namba zake ni za biti 32, na kwa sekta za baiti 512 haiwezi kuhesabu zaidi ya TB 2 hivi. Kompyuta za leo zinatumia hati mpya iitwayo GPT, iliyoanzia kwenye kazi ya kampuni ya Intel. Hii kwa kawaida ina nafasi ya patisheni 128, na namba zake ni za biti 64. Ila tazama: GPT ilitatua tatizo la idadi na la ukubwa. Sharti la kipande kimoja limebaki vilevile, mwanzo na mwisho.

1991: nyumba inayoogopa kupanuliwa

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kama kujifurahisha tu. Alikuwa anautengenezea ndani ya Minix, mfumo mdogo wa kufundishia ulioandikwa na profesa Andrew Tanenbaum, na diski yake ilikuwa imegawanywa ili yote miwili ikae.

Torvalds mwenyewe amesimulia kwamba siku moja alitaka kuiagiza modemu yake ipige simu, lakini kwa bahati mbaya akazielekeza amri hizo kwenye diski. Kwenye Unix kila kifaa kinaonekana kama faili, kwa hiyo kompyuta haikubisha. Iliandika amri za kupiga simu juu ya patisheni ya Minix, ikaiharibu. Badala ya kuirudisha Minix, akaamua kuhamia moja kwa moja kwenye Linux yake. Tukio dogo, lakini linakukumbusha kitu: ukishaingia kwenye ngazi ya patisheni, kompyuta haikuulizi mara mbili.

Linux ya mwanzo ilitumia mfumo wa mafaili wa Minix, ambao haukuweza kuzidi MB 64 wala kukubali jina la faili lenye herufi zaidi ya 14. Mwaka 1992 Rémy Card akaandika mfumo mpya ulioitwa ext, uliofika hadi GB 2. Mwaka 1993 ukafuata ext2. Watoto wake, ext3 na kisha ext4 iliyokamilika mwaka 2008, ndio wanaokaa kwenye laptopu nyingi za Linux hadi leo.

Tuingie ndani ya nyumba hii kidogo. Ext2 na ndugu zake hugawa nafasi kwa makundi ya bloku. Kila kundi lina ramani yake inayoonyesha bloku ipi ni tupu na ipi ina kitu. Ramani hiyo inakaa kwenye bloku moja. Bloku ikiwa ya KB 4, ina biti 32,768, kwa hiyo inaweza kuhesabu bloku 32,768, ambazo kwa pamoja ni MB 128. Ndiyo ukubwa wa kundi moja. Mzizi wako wa GB 25 una makundi 200 hivi. Na mwanzoni mwa nyumba kuna orodha inayotaja makundi yote.

Tatizo ni hiyo orodha. Ukitaka kuikuza nyumba, makundi yanaongezeka, na orodha inarefuka. Lakini mara tu baada ya orodha, tayari pana vitu vingine vinavyotumika. Ni kama msururu wa maduka barabarani: ukitaka kurefusha la kwanza, la pili lazima lihame. Kwa hiyo zamani kupanua mfumo wa mafaili kulimaanisha kuhamisha vitu ndani yake, na kuvihamisha kulimaanisha kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuutumia wakati huo. Mzizi, bila shaka, unatumika muda wote kompyuta ikiwa imewaka.

Kuna jambo jingine la enzi hizo ambalo utalikuta kwenye df bila kulitambua. Ext4, kama haijaambiwa vingine, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye GB 25 hiyo ni kama GB 1.25. Wazo la kutenga akiba lilishakuwepo kwenye mfumo wa mafaili wa BSD wa miaka ya 1980, ambako ilikuwa asilimia 10, kwa sababu diski ikijaa sana kasi inashuka. Faida yake kwako ni kwamba wewe ukiambiwa nafasi imeisha, huduma za mfumo zenye mamlaka ya msimamizi bado zina pumzi kidogo. Ndiyo maana kompyuta inachechemea badala ya kufa.

Kubashiri mara moja, kuumia miaka mitano

Sasa unganisha kuta hizo. Unix ilileta desturi ya kutenga vitu: /usr huku, /var kule, /home kwingine. PC ilileta hati isiyoruka jirani. Ext2 ilileta nyumba ngumu kupanua. Miongozo ya kuweka Linux ya miaka ya 1990 ilimpa mtumiaji mpya mtihani: kabla hujaanza, tuambie kila patisheni iwe na ukubwa gani.

Hebu fikiria ugumu wa swali hilo. Unaulizwa siku ambayo hujui chochote, na majibu yako yanakufunga kwa maisha yote ya kompyuta. Hata wataalamu walikuwa wanabashiri. Na ubashiri wa haki wa mwaka mmoja unaharibika miaka mitano baadaye, kwa sababu programu zimenenepa. Mzizi wa GB 25 unaweza kutosha kabisa siku ya kwanza. Baadaye unakuja kujifunza sayansi ya data, unashusha maktaba kubwa za programu, unaanza kutumia Docker, ambayo kwa kawaida huhifadhi vitu vyake ndani ya /var/lib/docker, yaani kwenye mzizi. Hukukosea kuhesabu. Ni swali lenyewe lililokuwa halijibiki.

Waliosogeza kuta

Miaka ya 1990 kampuni ya PowerQuest ya Marekani iliuza programu ya PartitionMagic, iliyokuwa inaweza kupunguza na kupanua patisheni bila kufuta data. Kwa watu wa wakati ule ilikuwa kama mazingaombwe. Ili iweze kushughulikia pia diski za Linux, ilihitajika programu ya kupanua na kupunguza ext2. Aliyeiandika ni Theodore Ts'o, mmoja wa watunzaji wa mifumo ya ext. Jina la programu hiyo ni resize2fs, na maelezo yake yanasema haki za mwaka 1998 ni za Ts'o na PowerQuest kwa pamoja, na kwamba tangu Aprili 2000 inaruhusiwa kusambazwa kwa leseni huria ya GPL. Ukiiandika amri hiyo leo kwenye Ubuntu yako, unatumia kitu kilichozaliwa ndani ya biashara kisha kikawa cha wote.

Heinz Mauelshagen, naye, alipita njia tofauti. Mwaka 1998 alianza kuandika LVM ya Linux, akifuata mfano wa mfumo wa HP-UX. LVM inalivunja lile sharti la mwaka 1983. Inakata diski vipande vidogo, kwa kawaida vya MB 4, kisha inaviunganisha kuwa diski ya kufikirika. Vipande vinaweza kuwa popote, hata kwenye diski mbili tofauti. Jirani hana tena nguvu, kwa sababu hati mpya inajua kuruka.

Ile shida ya orodha inayorefuka nayo ikapata dawa: unapojenga nyumba, acha uwazi mapema baada ya orodha. Siku hizi ext4 inapotengenezwa hutenga nafasi ya kutosha ili iweze kukua hadi mara 1,024 ya ukubwa wake wa mwanzo. Matokeo yake ni kwamba mzizi wa ext4 unaweza kupanuliwa kompyuta ikiwa imewaka na wewe unaendelea na kazi.

Ila angalia: kupanua tu. Kupunguza bado kunataka patisheni iwe haijapachikwa, kwa sababu ili ubomoe vyumba vya mwisho lazima kwanza uwahamishe waliomo. Mfumo wa XFS, uliotoka kampuni ya Silicon Graphics na unaotumiwa sana kwenye seva, umejengwa kwa ajili ya kukua. Ukishaupa nafasi, usitegemee kuirudisha.

Kizazi cha karibuni kimeamua kuondoa kuta zenyewe. ZFS ya Sun, iliyotolewa mwaka 2005, na Btrfs, iliyoanzishwa na Chris Mason akiwa Oracle mwaka 2007, zinaifanya diski kuwa bwawa moja ambalo mzizi na /home wote wanachota humohumo. Fedora ya kawaida ya mezani imetumia Btrfs kwa namna hiyo tangu toleo la 33, mwaka 2020.

Na ule ukuta wa 1971? Siku hizi Linux inapowaka hutangulia kupakia mfumo mdogo kwenye kumbukumbu, na huo ndio unaopachika mzizi, pamoja na /usr kama imetengwa. Kwa hiyo /bin haina tena sababu ya kujitenga. Fedora 17 iliunganisha /bin na /usr/bin mwaka 2012. Debian ilichukua muda zaidi, na toleo lake la 12 la mwaka 2023 ndilo lililofanya muunganiko huo kuwa wa lazima. Andika ls -l / kwenye kompyuta yako. Ukiona bin inaelekeza kwa mshale kwenda usr/bin, umeona mahali ukuta ulipobomolewa baada ya miaka arobaini.

Turudi kwenye laptopu yako

Sasa unaweza kulitazama tatizo lako kwa macho mengine. Anza kwa kuuliza: ni kweli mzizi ni mdogo, au umebeba takataka? Kumbukumbu za matukio za systemd peke yake, zisipowekewa kikomo chako, zinaruhusiwa kufika asilimia 10 ya nafasi, zisizidi GB 4. Amri ya journalctl --vacuum-size=200M inazipunguza. Amri ya sudo apt clean inaondoa vifurushi vilivyokwisha kutumika, na sudo apt autoremove inaondoa kerneli za zamani na vitu visivyohitajika tena. Kwa Docker kuna docker system prune, ila soma kwanza inachotaka kufuta. Pia andika df -i: wakati mwingine kilichoisha si nafasi bali idadi ya mafaili yanayoweza kuwepo, na hapo kufuta faili moja kubwa hakusaidii.

Pili, jiulize kama unaweza kufanya walichofanya Bell Labs: kuhamisha mzigo. Kama /home yako iko kwenye patisheni nyingine yenye nafasi, Docker inaweza kuelekezwa ihifadhi vitu vyake huko. Hakuna mpaka unaosogezwa, hakuna hatari.

Ikibidi kupanua kweli, tazama ramani ya diski yako kwa GParted au amri ya lsblk, kisha uulize swali moja tu: nani jirani wa kulia wa mzizi?

Kama kulia kuna nafasi tupu, una bahati. Utasogeza mwisho wa patisheni kwenye hati, kisha utapanua nyumba kwa resize2fs. Hatua mbili. Watu wengi wanafanya ya kwanza, wanaandika df -h, wanaona namba ileile, na wanadhani wameshindwa. Hawajashindwa. Ardhi wamepata, nyumba ndiyo haijajengwa. Hii ndiyo hali ya seva nyingi za kukodi, ambako mzizi uko mwisho wa diski na kuongeza nafasi ni kazi ya dakika chache.

Kama kulia kuna /home, itabidi ipunguzwe, na kwa ext4 hilo linafanyika ikiwa haijapachikwa. Kisha /home yote isogezwe kulia ili uwazi uangukie upande wa mzizi. Kwa hiyo washa kompyuta kutoka kwenye flashi yenye Linux, ufanye kazi diski ikiwa imelala.

Kama nafasi tupu iko kushoto kwa mzizi, kwa mfano umeipunguza Windows, basi mzizi wenyewe lazima uhamishwe mwanzo wake. Hii ni hali ya hatari kubwa. GParted italazimika kunakili data bloku kwa bloku kutoka mahali pa zamani kwenda papya, na mahali hapo pawili mara nyingi panaingiliana. Umeme ukikatika katikati, nusu ya data iko kwa mpangilio wa zamani na nusu kwa mpya, na hakuna hati inayoeleza hali hiyo. Betri iwe imejaa, chaja iwe imechomekwa, na usiwe na haraka, kwa sababu kazi inaweza kuchukua saa kadhaa.

Katika hali zote tatu, nakili kwanza mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Kisha fungua nakala moja au mbili uone kama zinafunguka. Nakala ambayo hujaifungua bado ni matumaini tu.

Na siku utakapoweka Linux upya, sasa unajua cha kuchagua. Kwa laptopu ya kawaida, mzizi na /home kwenye patisheni moja kubwa kunakuondolea mtihani wa kubashiri. Ukitaka kuvitenganisha, tumia LVM au Btrfs, ambako mpaka unaweza kusogezwa baadaye. Ukibaki na patisheni za kawaida, acha uwazi kulia kwa mzizi, hata GB 20 tu ambazo hujampa mtu. Utakuja kuzihitaji.